Wauza diski wa Arusha, mnatuuzia vimeo kwa bei ya mpya

Wakuu, leo siulizi ninunue nini. Nimekuja na hasira. Duka silitaji, mwenyewe akisoma atajijua.

Ofisi yetu ya utalii iko Njiro. Watu ni wachache ila mafaili ni mengi: picha na video za wageni, nakala za pasipoti, vocha za hoteli, hesabu za kodi. Tukaamua kununua NAS, ile mashine inayohifadhi mafaili ya ofisi nzima sehemu moja, kila mtu anayafikia kupitia mtandao wa ndani bila kukimbizana na flashi. Mashine tuliichagua kwa makini: nafasi nne za diski na tundu la mtandao la gigabiti, maana lile la megabiti 100 linakupa megabaiti 12 hivi kwa sekunde, na kwa video hiyo ni adhabu. Mashine haina kosa hadi leo. Tulipigwa kwenye diski.

Tuliuziwa diski nne za Seagate Exos, "mpya kabisa kaka, sili haijakatwa", kwa bei ya mpya, na risiti ya EFD ninayo. Agosti, msimu umepamba moto, moja ikafa. Tukanunua nyingine palepale, mashine ikaanza kujenga upya hifadhi. Tulikuwa na RAID 5, mpangilio wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, unaovumilia kifo cha diski moja tu. Kazi hiyo inalazimisha diski zilizobaki zisomwe mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na diski iliyochoka inaumbuka hapo. Ya pili ikaanguka kabla ya kumaliza, hifadhi yote ikaenda nayo. Mafaili yamepona kwa sababu nakala ya pili ilikuwa nyumbani kwa bosi kwenye diski ya nje. Lakini ofisi ilikwama wageni wakiwa porini na madereva wanapiga simu kuuliza vocha.

Nikazipima. Kwenye SMART, ile kumbukumbu ya kawaida ya diski, masaa ya kufanya kazi yalionekana machache, yanalingana na tangu tuzinunue. Lakini diski hizi za Seagate zina kumbukumbu nyingine ya ndani inaitwa FARM, ambayo hawa wajanja hawakuigusa. Humo zote zina zaidi ya masaa elfu 30. Mwaka mzima una masaa 8,760, hesabu wenyewe. Maana yake diski hizi zimefanya kazi usiku na mchana zaidi ya miaka mitatu kwa mtu mwingine, halafu kuna aliyekaa chini akafuta rekodi ili mimi niamini ni mpya. Huo ni wizi uliopangwa!

Dukani nikajibiwa nini? "Kaka, hiyo ni umeme wenu." Tuna UPS, ile betri ya akiba ya umeme, imeunganishwa na mashine kwa waya wa USB ili umeme ukikatika mashine ijizime yenyewe taratibu. Nikamwonyesha masaa ya FARM, akasema hiyo programu haijui. Mwisho akaninyooshea kidole kwenye maandishi ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Na asije mtu hapa kusema nimeyatunga. Mwanzoni mwa 2025 Heise, chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, kilifichua mchezo huuhuu: diski za Seagate zilizotumika maelfu ya masaa zimefutwa rekodi na kuuzwa kama mpya, nyingi zikidhaniwa zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Chia. Kama Wajerumani walipigwa, sisi tunaopokea mzigo uliopita mikono minne tutaponea wapi?

Kuna na hili la rafiki yangu mwenye studio ya picha Moshi. Yeye aliuziwa diski mpya kweli, ila za SMR, ambazo njia za data zinapandiana kama vigae vya paa. Kuandika upya sehemu moja kunalazimisha kuandika na majirani zake, kwa hiyo ukijenga upya RAID inakokota mpaka mashine inaitoa diski ikidhani imekufa. Mwaka 2020 Western Digital wenyewe walikiri kwamba baadhi ya diski zao za WD Red za terabaiti 2 hadi 6 ni SMR, na hizo zilikuwa zinauzwa kwa ajili ya NAS. Ndiyo maana leo unaambiwa tafuta Red Plus, ambazo si SMR. Muuzaji anayejiita mtaalamu hajui hili? Au anajua na ana mzigo wa kumaliza?

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi. Malalamiko yangu kwa Tume ya Ushindani nimeshayaandika, na vielelezo vyote vimo: risiti, namba za diski, picha za FARM. Ninachodai ni pesa yetu ya diski tano, yote. Na kila duka linaloandika "mpya" lichomeke diski kwenye kompyuta mbele ya mteja kabla ya kupokea hela. Ni dakika chache. Anayekataa tujue kwa nini anakataa. Auze mtumba kama mtumba, kwa bei ya mtumba, wala sina ugomvi naye.

Kwa diski za Seagate, wekeni programu ya smartmontools toleo la 7.4 au jipya zaidi, kisha andikeni amri smartctl -l farm na jina la diski yako. Linganisheni masaa ya humo na ya SMART. Halafu ingizeni namba ya diski kwenye tovuti ya Seagate muone kama ina dhamana, zetu hazina.

Mlionunua hapa mjini au Moshi, pimeni leo, wekeni picha ya masaa kwenye uzi huu. Nataka tujue tuko wangapi.