Skana gani ya negatifu za zamani? Niko Lubumbashi, naomba ushauri

Mwana Kamalondo
Jambo wote. Natafuta skana ya negatifu za marehemu baba, niifanyie kazi nyumbani. Nimesoma mpaka macho yanauma: Plustek OpticFilm 8200i au Epson V600? Ndugu wananiuliza kila Jumapili nimefika wapi, nami naogopa kuziharibu.

Fundi wa Katuba
Mdogo wangu, negatifu zenyewe zina ukubwa gani? Za rangi au nyeusi na nyeupe?

Mama Mapacha
Za harusi yetu nilizilaza juu ya kioo cha kompyuta chenye mwanga mweupe, nikazipiga kwa simu. Mume wangu alilia kumwona mama yake. Mwanangu, kaa kwanza na wazee wakutajie majina ya walio pichani, wangali hai. Mashine itangoja.

Mwana Kamalondo
Aksanti mama. Yaya Fundi, ni za kawaida tu. Plustek ina dpi (nukta kwa inchi) 7200, Epson 6400. Si basi Plustek?

Fundi wa Katuba
Hizo ni namba za kwenye boksi. Epson haifikii hata nusu ya hiyo 6400. Kwa filamu ya milimita 35 Plustek inaishinda kabisa. Lakini hujanijibu. Chukua rula upime.

Mwana Kamalondo
Sawa. Ni za mraba, sentimita 6 kwa 6 hivi, karibu zote nyeusi na nyeupe. Baba alikuwa na studio. Ila za milimita 35 zipo chache, na binamu yangu wa Johannesburg ameshalipa avansi ya Plustek dukani. Ni mashine nzuri, sioni ubaya wa kuanza na hizo chache.

Fundi wa Katuba
Hizo za mraba ni filamu pana ya 120, haiingii humo! Na ile infraredi ya kuondoa vumbi unailipia bure: madini ya fedha yaliyo ndani ya filamu ya nyeusi na nyeupe yanauzuia ule mwanga. V600 inakutosha. Kwa dpi 1600 tu, mraba wako unatoa pikseli 3,500 hivi kila upande, unachapa picha ya sentimita 30.

Kasumbalesa Boy
Tuonyeshe bahasha moja basi.

Mwana Kamalondo
Nimeweka picha. Muhuri wa studio, Elisabethville, na mwandiko wa baba: 1968.

Kasumbalesa Boy
Mji unaitwa Lubumbashi tangu 1966! Hadithi ya kutunga hii. Kesho tutasikia ana V600 ya kuuza.

Mama Mapacha
Watu walitupa karatasi nzuri kwa sababu jina limebadilika? Sisi madaftari ya zamani tuliyaandika mpaka yakaisha.

Mwana Kamalondo
Bahasha zilichapwa kabla, baba akazimaliza. Siuzi kitu. Kila rola ina picha 12, pembeni pameandikwa SAFETY FILM. Katika boksi la chini zimeanza kujikunja, zinanuka siki.

Fundi wa Katuba
12 ni sawa kwa 6 kwa 6. Harufu hiyo ni filamu inayooza, na inaambukiza nyingine. Zitenge leo, ziweke kwenye bahasha za karatasi, na uanze na hizo.

Mwana Kamalondo
Nimempigia binamu. Avansi hairudi, ila duka litambadilishia kwa V600 iliyotumika.

Fundi wa Katuba
Afungue boksi kabla ya kulipa, aone kama fremu ya kushikia filamu ya 120 imo. Hiyo ndiyo hupotea.