Naomba ushauri: ushanga wa kioo unanenepa upande mmoja

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Nina miezi minne nikijifunza kutengeneza shanga kwa kuyeyusha fito za kioo kwenye mwali wa gesi, na nimekwama katika jambo moja: ushanga wangu hauwi mviringo sawasawa, bali hunenepa upande mmoja na tundu likakaa pembeni.

Ninatumia kioo laini cha soda na chokaa, si borosilikati (kioo kigumu kinachohitaji moto mkali zaidi), nacho hukizungushia kwenye kijiti cha chuma cha pua chenye unene wa milimita 2.4, kilichopakwa udongo maalumu ili kioo kisigande. Shanga ndogo hunitokea vizuri. Tatizo huanza kipenyo kinapokaribia milimita 15, kwani kioo hulegea ghafla na kuning'inia kabla mkono haujakiwahi. Nimejaribu kuzungusha haraka zaidi, jambo ambalo naona liliharibu zaidi, na pia kukisawazisha kwa kibao cha grafiti (aina ya kaboni isiyogandamana na kioo cha moto), lakini kibao huacha alama ambazo nikizipasha moto zifutike, ushanga hupinda upya. Kijiti nakishika mlalo, ingawa nakiri kwamba macho yangu hufuata mwali kuliko mkono.

Je, ushanga ukishaegemea, nipashe moto upande mnene peke yake kisha niuelekeze juu ili kioo kishuke chenyewe, au niuyeyushe wote upya? Na nikiutoa motoni huku nikizungusha, ni dalili gani itanionyesha kwamba umeshaganda vya kutosha kuacha kuzungusha?