Tupeane uzoefu: video ikague maamuzi ya marefa wa besiboli, au refa aachiwe kazi yake?

MletaMada
Wakuu, salaam. Mjadala wa video kwenye besiboli kila mwaka unaishia pale pale: huyu anasema teknolojia inaua mchezo, yule anasema haki itendeke. Tuusogeze mbele. Anayeijua kazi hii aeleze inavyofanyika kwenye ligi kuu ya Marekani, MLB: muda, kamera, kanuni, na pale inapokwama. Visa vya maisha binafsi tuvipeleke uzi mwingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Video ibaki, lakini iulizwe maswali ambayo picha inaweza kuyajibu. Ikiulizwa jambo lisiloonekana kwenye picha, inazaa kosa jipya na kulipigia muhuri.

Daftari_la_Alama
Asante mleta mada. Tuanze na kilicholeta mfumo huu. MLB iliruhusu video Agosti 28, 2008, tena kwa homurani peke yake (mpira uliopigwa ukavuka ukuta wa uwanja): mpira umevuka ukuta au haukuvuka, umepita ndani ya nguzo ya mpaka au nje, shabiki ameugusa au hakuugusa. Maamuzi ya kwenye besi (vituo anavyokimbilia mpigaji ili kupata alama) yalibaki kwa refa.

Juni 2, 2010, kule Detroit, ndipo gharama yake ilipoonekana. Armando Galarraga, mrushaji wa Tigers, alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo, hakuna aliyefika hata besi ya kwanza. Mpigaji wa 27, Jason Donald, akagonga mpira wa chini upande wa kulia. Miguel Cabrera akauokota, akamtupia Galarraga aliyekwisha kukimbilia besi. Mpira ulitangulia mguu, yaani Donald alistahili kutolewa, na marudio ya televisheni yalionyesha hivyo muda ule ule. Refa Jim Joyce akaita sefu, yaani amefika salama. Baada ya mechi aliitazama video, akakiri kosa hadharani na kumwomba mrushaji radhi. Kamishna Bud Selig hakuubadili uamuzi, na mpaka leo mechi ile haimo kwenye orodha ya mechi kamilifu (zile ambazo hakuna mpigaji wa upande wa pili aliyefika besi).

Kosa la jinsi hiyo hiyo, kwenye besi hiyo hiyo, lilitokea fainali ya MLB ya 1985, mechi ya 6. St. Louis walikuwa mbele 1-0 inningi ya 9 (zamu ya mwisho ya kupiga), refa Don Denkinger akamwita Jorge Orta wa Kansas City sefu. Kansas City wakashinda 2-1, halafu mechi ya 7 wakashinda 11-0 na kubeba ubingwa. (Walinzi wa St. Louis nao waliharibu inningi ile, kumtwisha refa mzigo wote ni kumwonea.) Kutoka pale hadi video iliporuhusiwa kukagua besi, mwaka 2014, ni miaka 29.

KofiaNyeusi
Hatua zenyewe, kwa wanaoziona kwenye TV bila kujua nani anafanya nini.

Tukio likiisha, kocha mkuu anainua mkono papo hapo ili refa asubiri. Kwenye chumba cha video cha timu kuna mtu anayerudisha picha za kila kamera, na anapiga simu benchi: pinga, au acha. Kocha ana sekunde 15 za kuamua tangu 2023. Mwaka 2017 zilikuwa 30, mwaka 2020 zikawa 20. Akipinga, mkuu wa marefa anavaa vipokea sauti na kuongea na kituo cha New York. Anayeamua pale ni refa wa MLB, maana marefa wenyewe hupangwa kwa zamu kukaa kituoni. Hapa ndipo wazoefu wa VAR ya soka hujichanganya: refa wa uwanjani haendi kwenye skrini kujiamulia, anapokea jibu tu. Tangu 2022 analitangaza kwa maikrofoni uwanja mzima ukisikia.

Majibu yako matatu, na tofauti ya mawili ya kwanza ni kubwa. "Umethibitishwa" maana yake picha inaonyesha refa alikuwa sahihi. "Unabaki" maana yake picha haitoshi kusema lolote, kwa hiyo neno la refa linasimama. "Umebadilishwa" unahitaji ushahidi ulio wazi. Kwa hiyo kwenye tukio lenye tofauti ya unywele, uamuzi wa kwanza wa uwanjani ndio wenye uzito, na refa mzuri bado ni mali.

Timu inaanza na pingamizi moja kwenye msimu wa kawaida, mbili kwenye mtoano. Ukiwa sahihi unabaki nalo, ukikosea limekwenda. Kuanzia inningi ya 8 mkuu wa marefa anaweza kuitisha ukaguzi mwenyewe. Ndiyo maana makocha makini hawalichomi mapema kwa mkimbiaji asiyeathiri mechi.

Kuna visivyokaguliwa: mpigaji aliyeanza kupiga kisha akajizuia, na mpira unaotua karibu na mstari kabla ya kufika aliposimama refa wa besi ya kwanza au ya tatu.

Fremu60
Niingie kwenye vipimo, kwa sababu watu wanaamini kamera inaona kila kitu.

Picha za kawaida za televisheni Marekani ni takriban fremu 60 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde. Mkimbiaji mwenye kasi nzuri anaenda kama mita 8.2 kwa sekunde. Gawanya: kati ya fremu moja na inayofuata, amesogea sentimita 14. Mpira uliotupwa kwa kasi ya mita 38 kwa sekunde umesogea sentimita 63. Yaani fremu moja inakuonyesha mpira uko nusu mita kabla ya glavu na kiatu kiko hewani juu ya besi, fremu inayofuata mpira umo ndani na kiatu kimekanyaga. Kipi kilitangulia? Picha haijui. Hapo jibu la kweli ni "unabaki", hata kama shabiki ana hakika.

Kwa fremu 240, pengo linashuka mpaka sentimita 3.4 za kiatu na 16 za mpira. Tofauti ni kubwa mno. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka mfumo huu ni fremu ngapi, idadi ya kamera ije baadaye.

Kosa la pili ni pembe. Kamera iliyo juu nyuma ya besi ya nyumbani (anaposimama mpigaji) inaubana umbali. Kiatu kilicho hewani sentimita 5 kinaonekana kimeshakanyaga. Unataka kamera iliyo chini, sambamba na ukingo wa besi. Na mara nyingi kamera inayoona kiatu haioni mpira ukiingia kwenye glavu, hivyo unahitaji mbili zilizosawazishwa kwa fremu ile ile. Bila usawazishaji, unalinganisha nyakati mbili tofauti na kuziita moja.

KofiaNyeusi
Umenikumbusha jambo, Mkuu Fremu60. Refa wa besi ya kwanza hatazami mpira ukiingia. Anasimama mita 5 hivi, pembe mraba na njia ya mpira, macho kwenye besi, masikio kwenye glavu. Sauti inahitaji kama sekunde 0.015 kusafiri mita 5, na kwa kasi uliyotaja mguu unasogea sentimita 12 ndani ya muda huo. Ongeza kelele za mashabiki 40,000, mlio wa glavu unapotea kabisa. Kosa la namna hii linatokana na maumbile ya sikio na sauti, na hapa ndipo video inapostahili kumsaidia refa kwa moyo mmoja.

BesiYaPili
Naiunga mkono video, ila nataka tuongelee ilichokibadilisha bila mtu kukusudia.

Zamani mkimbiaji aliyeteleza akatangulia glavu alikuwa sefu, basi. Sasa picha ya polepole inaonyesha mwili wake, baada ya kugusa besi, umeruka juu kwa nguvu ya mwendo na vidole vikaachana na besi kwa sentimita mbili, glavu ikiwa bado imemgusa. Kwa maandishi ya kanuni huyo ni auti, yaani ametolewa. Kwa macho hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Matokeo yake mlinzi sasa anafundishwa kubakiza glavu mwilini mwa mkimbiaji mpaka refa atoe uamuzi, na mkimbiaji anafundishwa kupunguza nguvu ya mwisho na kuishika besi kwa mkono au unyayo. Mimi naona hili ni swali ambalo video inaweza kulijibu lakini haikupaswa kuulizwa. Kanuni ingesema aliyefika besini kabla ya kuguswa analindwa hadi mwendo wa kuteleza uishe.

Mfano wa pili: Aprili 2014, mwezi wa kwanza wa mfumo mpya. Mlinzi akidaka vizuri kisha mpira ukamponyoka akiutoa kwenye glavu ili autupe, ukaguzi ulianza kusema hakudaka. Walinzi waliocheza hivyo miaka yote wakajikuta wamekosea. Kabla mwezi haujaisha ligi ikalazimika kutoa tafsiri mpya: akiwa ameshaumiliki mpira ndani ya glavu, kuponyoka wakati wa kuutoa hakufuti auti.

Na besi ya pili kwenye auti mbili kwa mpigo, mlinzi alikuwa anaruhusiwa kimazoea kuwa "karibu" na besi bila kuikanyaga ili asivunjwe miguu. Mwaka 2014 na 2015 jambo hilo liliachwa nje ya video. Mwaka 2016 likaingizwa, lakini pamoja nalo ikaja kanuni inayomzuia mkimbiaji kumfuata mlinzi. Huo ndio utaratibu mzuri: kabla kamera haijadai usahihi wa mguu, mwenye mguu awe amelindwa.

Mdakaji_17
Mnasahau upande wa chumba cha video chenyewe. Ukiipa timu skrini zenye picha za moja kwa moja, umeipa pia njia ya kusoma ishara za mdakaji, zile anazompa mrushaji kumwambia arushe mpira gani. Januari 2020 MLB iliipiga Houston Astros faini ya dola milioni 5, ikawanyang'anya nafasi za kuchagua wachezaji wapya, na kuwafungia mwaka mmoja kocha A.J. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow, kwa wizi wa ishara kwa kamera. Boston nao waliadhibiwa mwaka huo huo, na kwao chanzo kilikuwa chumba cha ukaguzi cha 2018. Anayetaka mfumo huu apange mapema nani anaingia chumbani na nani anasikiliza simu ile.

MletaMada
Na straiki je, yaani refa kuamua kama mpira uliorushwa umepita eneo halali (straiki) au nje yake (boli)? Maana huko ndiko maamuzi mengi yaliko.

Fremu60
Msimu wa 2026 ndio MLB ilioupangia mfumo wa kupinga straiki na boli. Hautumii refa wa New York. Kamera zinapima njia ya mpira na jibu linatoka lenyewe. Kila timu ina pingamizi mbili, ukiwa sahihi unabaki nalo. Anayeruhusiwa ni mpigaji, mrushaji au mdakaji, kwa kugusa kofia papo hapo, bila kuangalia benchi. Kocha hana sauti hapo, na nimefurahi sana.

Eneo la straiki lina upana wa besi ya nyumbani, sentimita 43. Juu ni asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji, chini asilimia 27. Mtu wa sentimita 183: juu ni 97.9, chini ni 49.4. Vipimo vinachukuliwa katikati ya besi, kwa hiyo mpira unaopinda na kukata kona ya mbele tu si straiki kwa mashine, ingawa marefa wengi wangeuita. Warushaji wa mipira ya kupinda wataliona hilo mapema. Kwenye majaribio ya 2025 pingamizi moja lilichukua takriban sekunde 14. Korea Kusini walichagua njia nyingine: tangu 2024 mashine inaamua kila mpira.

BesiYaPili
Mimi napendelea pingamizi kuliko njia ya Korea. Mdakaji mwenye mkono mtulivu anabaki na kazi yake ya kumshawishi refa kwenye mpira wa mpakani, na kosa la wazi linapata dawa.

Mgeni_Dar
Wakuu, hapa Dar tuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na Uganda walishafika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport mwaka 2012. Mashindano ya kwetu yanaweza kufanya hivi kwa simu tu?

Fremu60
Yanaweza, kwa besi ya kwanza na ya nyumbani. Simu mbili zenye fremu 240, kila moja kwenye stendi isiyotikisika, kimo cha kiuno, nje ya mstari. Moja iwe sambamba na ukingo wa besi kuona kiatu, ya pili ione mdomo wa glavu. Anza kurekodi zote, kisha mtu apige makofi mara moja mbele yake zikiwa zote zinamwona. Fremu ya viganja kukutana ndiyo sifuri yenu. Rudieni kila inningi.

Chezeni mchana. Taa za umeme wetu wa hezi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na kwenye fremu 240 picha inapokezana giza na mwanga. Fremu mnayoihitaji inaweza kuwa ndiyo yenye giza. Futeni lenzi vumbi, beba betri ya akiba, zimeni simu zinazoingia.

Anayetazama awe refa asiyechezesha mechi hiyo. Pingamizi moja kwa timu, dakika mbili za kutazama, na asipoona ndani ya muda huo aseme unabaki.

KofiaNyeusi
Niongeze moja kwa marefa wenu. Mpira ukianguka jirani na mstari nyuma ya besi na hamna uhakika, acheni mchezo uendelee. Ukaguzi ukisema ulitoka nje, kila mtu anarudi alipokuwa, imekwisha. Lakini mkiita nje halafu video iseme ulikuwa ndani, wachezaji walishasimama, na mtalazimika kukisia kila mkimbiaji angefika besi gani.