Punda amegoma kuvuka korongo tangu aanguke na mwanangu, naombeni ushauri

MamaWawili_Chamwino:
Habari za jioni ndugu zangu. Tuna punda jike, tulimnunua mnadani mwaka jana. Mwanangu wa miaka 12 ndiye humpanda kwenda kisimani, kurudi anamswaga akiwa na madumu. Walizoeana mno, mtoto akipiga mluzi tu punda anamfuata. Mwezi uliopita wakishuka korongo ukingo ukameguka, wakaanguka wote. Namshukuru Mungu hakuna aliyevunjika. Ila sasa punda akifika pale anakita miguu, masikio yamesimama, hatoki. Mtoto naye akipanda anang'ang'ania shingo, anatetemeka. Baba yake anasema ni ukaidi, achapwe. Roho yangu inakataa. Nifanyeje?

Mfugaji_Kongwa:
Dada, fimbo wekeni chini kabisa. Punda akiogopa husimama apime hatari, ndivyo alivyoumbwa. Mkimchapa palepale, atajua korongoni ndiko kwenye maumivu. Halafu mpapase mgongo na chini ya mikanda, pole pole. Akishtuka ukimgusa, ana kidonda. Na anabeba madumu mangapi?

MamaWawili_Chamwino:
Manne ya lita 20.

Mfugaji_Kongwa:
Hizo ni kilo 80 dada yangu, na punda wetu hawa ni wadogo. Mawili yanamtosha.

Mzee_wa_Farasi:
Nimetunza farasi miaka mingi, na kwa hili punda hana tofauti. Mnyama husoma mwili wa aliye mgongoni. Mtoto akikaza mapaja na kubana pumzi, punda anaamini kweli kuna hatari. Kwa hiyo asipande kwanza, watembee bega kwa bega. Wakifika ukingoni kamba ilegezwe. Hapa wengi wanakosea: wanavuta, kichwa kinapanda juu, na punda haoni kilicho karibu na pua yake. Mwache ainamishe kichwa, anuse, atazame anapokanyaga. Akisogeza hata mguu mmoja, msifuni, mgeuke mrudi nyumbani. Kesho tena. Mtoto atapanda siku atakayosema mwenyewe yuko tayari, kwanza uwanjani, pasipo korongo.

Binti_Mpwapwa:
Tafuteni mahali ukingo umelala, pale palipomeguka waacheni. Na kama jirani ana punda anayevuka vizuri, atangulie. Wa kwetu alivuka siku hiyohiyo kwa kumfuata mwenzake.

MamaWawili_Chamwino:
Narudi baada ya siku tisa. Kidonda kilikuwepo chini ya mkanda wa tumbo, ukubwa wa shilingi mia, na sisi tulikuwa tunamfunga kila siku! Nililia. Tunakiosha kwa maji ya chumvi, mizigo tumesimamisha, maji nachota mimi na baba yake kwa baiskeli. Jana mwanangu alishuka mchangani peke yake, kamba imelegea, akachuchumaa. Punda alinusa ukingo muda mrefu sana. Kisha akateremsha miguu miwili ya mbele, akaweka pua begani kwa mtoto. Tukaishia hapo, tukarudi.

Mzee_wa_Farasi:
Vizuri sana mwanangu. Msiongeze haraka.