Starr au Zélie: nani aliwagusa zaidi?

Swali: Wiki hii nimemaliza riwaya mbili za vijana, The Hate U Give ya Angie Thomas (2017) na Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018). Ya kwanza, ambamo Starr mwenye miaka 16 anashuhudia rafiki yake Khalil akipigwa risasi na polisi, ilinilazimu nikifunge kitabu na kukaa kimya. Katika ya pili, mapenzi ya Zélie na Inan yalinijia ghafla mno. Je, ni mimi tu?

Jibu: Si wewe peke yako, ndugu yangu. Inan, mwana wa mfalme, anamwinda Zélie, kisha chuki inageuka mahaba! Aliyenishika ni Amari, dada yake Inan, anayetoroka ikulu baada ya baba yake kumuua mjakazi Binta.

Jibu: Kwangu ni Starr, hasa anavyobadili namna ya kuongea kila aingiapo katika shule ile yenye wanafunzi wengi Wazungu. Nilisoma bweni mbali na kwetu, hivyo naijua kazi ya kuwa watu wawili, ingawa yangu ilikuwa nyepesi zaidi.

Muulizaji: Shukrani. Binta nilikuwa nimemsahau; usiku huu narudia sura za mwanzo.