Nibaki na ofisi karibu na Mnara wa Saa au nihamie Njiro?

mtembeza_wageni
Wakuu salaam. Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, watu watano ukiacha madereva. Tumepanga ghorofa ya tatu kwenye jengo moja jirani na Mnara wa Saa, vyumba viwili na kistoo cha mahema. Mkataba unaisha mwishoni mwa Mei na mwenye jengo ameshaleta barua: kutoka milioni moja na laki mbili hadi milioni moja na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele. Nilipouliza sababu akanijibu AFCON. Yaani mpira uchezwe uwanja mpya wa Olmoti 2027, kodi ipande kwangu leo.

Kinachonikera ni kwamba ofisi yenyewe haina watu. Zamani mgeni alishuka kwenye basi la Nairobi, akapanda ngazi kuulizia safari ya Serengeti. Siku hizi tunamalizana kwa barua pepe na WhatsApp, namwona mara ya kwanza uwanja wa ndege, KIA. Tangu korona mhasibu wangu anafanyia kazi kwake Sakina, akija ujue anataka printa. Na si mimi tu: ubao wa majina pale mlangoni, nusu ya vibao vimebanduliwa, imebaki gundi.

Dalali kanionyesha nyumba Njiro, vyumba vitatu na uwanja wa kuegesha Land Cruiser nne, laki tisa. Pia kuna zile ofisi za pamoja, unalipia meza kwa mwezi, intaneti na jenereta humohumo. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Baba Nai
Naweka kambi hapa. Mkataba wangu unaisha Juni.

mzee_wa_sekei
Kijana, huyo mwenye jengo anaota enzi za mahakama ya Rwanda. Wale waliosikiliza kesi za mauaji ya kimbari walikuwa AICC, kile kituo cha mikutano, tangu 1995 mpaka 2015, na mji mzima ulizoea wapangaji wanaolipa kwa dola bila kuuliza. Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa mlemle, ikahamia jengo lake 2012. Na yale majengo ya AICC yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya kwanza, iliyovunjika 1977. Kwa hiyo mji huu kuhamwa na kujaa tena si jambo geni. Ila waliojenga wakitegemea wapangaji wa aina ile mpaka leo hawajashusha bei kichwani mwao. Afadhali chumba kikae na popo kuliko kupunguza laki mbili.

mama_fremu
Njiro usikimbilie. Muulize mwenye nyumba akuonyeshe hati, usome matumizi ya ardhi. Nyingi zimeandikwa makazi tu, na kubadilisha matumizi kuna kibali cha jiji. Mimi niliwekewa alama nyekundu ukutani nikiwa nimeshapaka rangi na kubandika bango. Halafu leseni yako ya biashara inataja eneo, ile ya utalii, TALA, nayo ina anuani. Ukihama, zote zirekebishwe, na TRA wajue. Fanya hayo kabla ya msimu, maana Julai huna muda wa kukaa foleni.

hesabu_za_R
Mkuu mmesahau kodi ya zuio. Unapanga kwa biashara, kwa hiyo unakata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Wenye majengo wengi wanakwambia "mimi nataka yangu kamili, za TRA utajua mwenyewe". Ukikubali, ile milioni moja na nusu si milioni moja na nusu tena, ni 1,666,667 kwa mwezi, maana yake kamili inakuwa asilimia 90 tu ya pango. Kama amesajiliwa VAT ongeza asilimia 18, na mkataba una ushuru wa stempu. Linganisha na Njiro ukiwa umeshaweka hayo yote pande zote mbili.

Na kama barua yake imeandikwa dola, mrudishie. Kanuni za BoT za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini.

dalali_mwaminifu
Hahaha mnatuharibia soko. Ila niseme ukweli: fremu za chini Sokoine Road bado watu wanatoa kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu juu ya kodi. Zinazolala ni za juu, hasa jengo lisilo na lifti au lenye luku ya kuchangia. Ya tatu kwa milioni na nusu hapati mtu haraka, AFCON au si AFCON. Nenda Aprili mvua ikinyesha, mji umelala, mwambie utabaki kwa bei ya zamani na utalipa miezi mitatu mitatu.

mtembeza_wageni
Nashukuru sana. Hati ya Njiro nimeomba, mwenye nyumba anazungukazunguka. Swali kwa wa ofisi za pamoja: maafisa wa leseni wanaikubali meza? Na wageni wa kulipa pesa nyingi hawashtuki?

Neema_wa_Kijenge
Niko huko. Dai mkataba wa pango wenye jina la kampuni na namba ya chumba. Risiti ya meza peke yake itakusumbua, kwa hiyo chukua chumba kidogo cha kufunga. Wageni hawaji kabisa, wanaangalia tovuti na maoni ya waliotangulia. Wanaoulizia ofisi iko wapi ni mawakala wa nje wanaotaka kukutumia makundi, hao unawakodia chumba cha mikutano kwa saa. Shida yako itakuwa mahema na majiko.

mtembeza_wageni
Mahema fundi wangu wa magari Kwa Mrombo ana stoo, nitamuuliza kesho. Barua ya kuomba bei ya zamani naipeleka Jumatatu.

mama_fremu
Peleka nakala mbili, moja akusainie kwamba ameipokea.