Tupeane uzoefu: siti gani ya dirishani ukitaka kuuona Kilimanjaro?

Mzee wa Begi Moja: Wakuu, Ijumaa napanda Dar kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ndege ya saa moja asubuhi. Jana kijana wa ofisini kanionyesha video ya Kibo, kile kilele chenyewe, nikakumbuka mimi mwaka jana nilivyokodolea bawa saa nzima. Nikae upande gani?

Mama Pacha: Kulia. Kurudi kushoto. Uzi ufungwe.

Mla Kiburu: Uzi huu umenitonesha. Nilimkatia mama tiketi, ndege mara ya kwanza, anarudi nyumbani kutoka matibabu. Kazaliwa Machame, maisha yake yote anautazama mlima akiwa mgombani. Nikajifanya mjuzi, nikachagua kushoto kwa sababu ile Airbus ina viti viwili upande huo na vitatu kulia. Nikasema tukae wenyewe bila mgeni. Rubani akatangaza mlima uko kulia. Ndege nzima ikageukia huko, simu juu. Mama akafungua mkanda ainuke, mhudumu akamwambia, "Keti mama, tunashuka." Akaketi. Dirishani kwetu ni nyika ya Simanjiro tu, kahawia mpaka basi. Akaniuliza polepole, "Kwani kule wamelipa zaidi?" Mpaka leo sina jibu.

Mama Pacha: 😭 Mrudishe tena huyo mama.

Fundi Panga: Kulia si lazima. Ndege ikitua ikielekea mashariki, inapita uwanja kwanza, inageukia upande wa Arusha. Hapo wa kushoto ndio wanaoupata.

Mla Kiburu: Sisi tulinyoosha moja kwa moja. Usinitoneshe tena.

Jirani wa Loitokitok: Poleni. Sisi tukitoka Mombasa kwenda Nairobi tunakaa kushoto na tunauona wote. Mlima ni wenu, sura nzuri iko kwetu.

Mama Pacha: Tulijua tu mtakuja. Mlima Kenya una mita 5,199, kautazameni huo.

Jirani wa Loitokitok: Huo pia tunautazama, dada. Macho hayalipiwi viza.

Chogo: Kwenye ndege za pangaboi kama Bombadia bawa liko juu, halizibi kitu. Ila usikae usawa wa injini. Bombadia tairi zinachomoka humohumo kwenye injini. Siku ya kwanza nilidhani kitu kimekatika, nikasali Baba Yetu mara mbili.

Fundi Panga: Usawa wa injini ndiyo siti tamu, unaona kazi inavyofanyika.

Kaka Mpole: Mimi nilikuwa kulia, dirishani, kila kitu sawa. Akaja dada: "Kaka naomba nikae hapo, sijawahi kuuona mlima kwa juu." Nikampisha. Hatujafika hata milima ya Usambara, kashusha pazia, kalala, kichwa begani kwangu. Pare ikapita. Bwawa la Nyumba ya Mungu likapita. Kibo nimeiona kwenye simu ya jamaa wa mbele aliyekuwa anarekodi. Bega lilikufa ganzi nikaogopa kukohoa.

Chogo: Namba ulichukua?

Mama Pacha: Acha mlima, endelea na dada.

Kaka Mpole: Nilichukua.

Fundi Panga: Halafu?

Kaka Mpole: Kwao Marangu. Mahari nimemaliza Aprili.

Chogo: 😂😂 Anayetaka mke akae katikati.

Jirani wa Loitokitok: Mtu wa Marangu hajawahi kuuona mlima? Ulipigwa bro.

Kaka Mpole: Alisema *kwa juu*. Soma vizuri.

Mzee wa Begi Moja: Jamani, siti yangu?

Mama Pacha: KULIA.

Mzee wa Begi Moja: Mrejesho. Nilikaa kulia, mbali na bawa, kioo nimekifuta kwa leso. Mawingu matupu.

Fundi Panga: Si ulisema ya saa moja?

Mzee wa Begi Moja: Ilichelewa. Tumeruka saa sita.

Mla Kiburu: Saa sita mlima umeshajifunika shuka, mzee wangu.